Wimbo wa Somo la Nne

Jumatano, 4 Juni 2025

Leo nimejiunga na chuo kikuu nikiwa nimekalia kinu kilichopinduliwa, uani, nachambua mchicha. Sijajaza fomu. Hakuna aliyeniuliza kidato cha sita nilipata nini. Nilikuwa natafuta dawa ya kideri kwenye simu, maana kuku wawili wa Mama mkwe wameanza kuinamisha shingo, nikaangukia ukurasa wa chuo kimoja cha kilimo huko Malawi. Kozi nzima! Ufugaji wa kuku wa kienyeji kwa kaya ndogo. Masomo manane, picha, mazoezi, na majibu ya mazoezi nyuma. Mwandishi ni Profesa Christopher Mwale. Bei — nimeitafuta juu, chini, pembeni. Hakuna!

Nimepakua yote. Bando la Clement likaisha. Mume wangu karudi na bodaboda yake, vumbi mpaka kwenye nyusi, kaniuliza leo nimeangalia tamthilia ngapi. Nikamwambia, sijaangalia tamthilia, nimeenda chuo. Kacheka mpaka kakaa chini.

Mwisho wa ukurasa kuna maneno madogo ya Kiingereza. Ruksa kunakili, kutafsiri, kubadilisha na kugawa. Kugawa! Mimi nilijua vitabu vya chuo ni vya kufungiwa kabatini. Yanafuata na masharti fulani, sijayasoma vizuri, chaji ilikuwa inakata.

Ijumaa, 6 Juni

Kikundi kimekutana kwetu, kama kila Ijumaa baada ya Bi Zaina kutoka msikitini. Ni wanawake wafuga kuku wa hapa Ilongero, na mwenyekiti wao ni mama mkwe wangu. Mimi kazi yangu huwa ni viti, chai, na kunyamaza.

Leo sikunyamaza. Nikasema kuna profesa Malawi anafundisha kuku, bure, nami naweza kuyaweka masomo yake kwa Kiswahili. Dorkas, sauti ya pili kwaya ya Kilutheri, akauliza bure kivipi. Bi Zaina akasema hata maji ya kisima yana mchango. Mama akanitazama kwa lile jicho lake la kupima mahindi. Anataka nini huyo mtu?

Nikasema hataki kitu. Hapo ndipo wakaingiwa na wasiwasi kabisa.

Ila kuna jambo limenichekesha na kuniuma. Mwezi wa tatu niliwaambia vifaranga watengwe na kuku wakubwa, Mama akaniambia masufuria yananisubiri. Leo nimesema, "Profesa anasema vifaranga watengwe." Wote wameitikia. Dorkas kaomba nirudie, aandike. Mama mwenyewe kasema, ndiyo, hiyo ni akili. Ni maneno yaleyale jamani! Nimeosha masufuria yote yakatakata kwa hasira.

Jumatatu, 9 Juni

Somo la kwanza tayari. La pili tayari. Natafsiri asubuhi Mama akiwa shambani anapiga alizeti, nikisikia fimbo imenyamaza naficha daftari naanza kufagia.

Sikujua kutafsiri kuna raha hivi. Profesa anaandika kama mtu anayeongea na jirani. Anasema kuku wa kienyeji si kuku mjinga, ni kuku aliyezoea shida. Nimelipenda hilo nikaliandika kwa herufi kubwa. Sehemu nyingine Kiingereza chake kinapanda mlima, nami napanda nyuma yake nikihema. Neno moja limenichukua muda wote wa kuivisha maharage. Mwisho nimeandika tu "ule ute mweupe wa kwenye yai" na maisha yakaendelea.

Somo la tatu, chanjo ya kideri, nimelifanya kwa makini kuliko mtihani wowote. Hapo sikuongeza wala kupunguza.

Alhamisi, 12 Juni

Somo la nne. Kulalia mayai na kutotoa. Ee Mungu wangu.

Kurasa mbili ni majedwali. Unyevu wa hewa kwa asilimia, mistari inapanda na kushuka, herufi za Kigiriki. Kesho ni Ijumaa. Clement anaenda mjini jioni hii na lazima abebe faili likachapishwe stationery. Nimesoma aya moja mara tano: kuku anayelalia asisumbuliwe, azoee mtu mmoja, aonwe kila siku kwa utaratibu uleule. Sawa. Lakini utaratibu gani? Kwenye majedwali ndimo alimouweka, na humo mimi sikanyagi.

Nikamkumbuka bibi yangu Severina, kule Issuna. Yeye jioni alikuwa anabeba kibuyu cha maji, anainama kwenye kiota, anamwimbia kuku. Kila jioni wimbo mmoja, polepole. Tukimcheka anasema huyu naye ni mzazi, amekaa peke yake siku nzima, nani wa kumsemesha.

Basi kalamu ikaenda yenyewe. Nimeandika: "Kila jioni mpelekee maji kuku anayelalia, na umwimbie wimbo mmoja, polepole, mpaka uishe. Usibadilishe wimbo." Nimecheka peke yangu. Nikasema nitaifuta nikishapata maneno mazuri zaidi. Clement akapiga honi nje mara mbili — nikampa hivyohivyo.

Jalada linasema: Kimeandikwa na Profesa Christopher Mwale. Kimetafsiriwa na Ritha.

Ijumaa, 13 Juni

Nimesoma somo la nne kwa sauti mbele ya kikundi. Nilipofika kwenye wimbo nilitaka kuruka, lakini Dorkas alikuwa na nakala yake mkononi anafuata kwa kidole. Nikasoma. Nikasubiri wacheke.

Hakuna aliyecheka! Bi Zaina ametikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa ugonjwa wake. Mama akauliza swali moja: Profesa amesema wimbo gani?

Nikasema, hajataja.

Mama akasema mtu mwenye akili kama yule hawezi kusahau jambo kubwa hivyo. Aulizwe.

Hapa ndipo ningesema, akina mama, samahani, huo wimbo ni wa bibi yangu, Profesa hahusiki. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikasema, nitamuuliza.

Jumapili, 15 Juni

Mgogoro! Baada ya ibada Dorkas amesema lazima ni wimbo wa dini, profesa msomi hawezi kushauri mambo ya kidunia. Bi Zaina naye kapita kuchukua majani ya kunde, akasema kwake itakuwa kaswida na si vinginevyo. Dorkas akauliza kama kuku wake ana dini. Bi Zaina akamjibu, wa kwako je, amebatizwa? Wakacheka wote wawili lakini kila mmoja amebaki pale pale alipokuwa.

Wakaniangalia mimi. Profesa amejibu nini?

Nikasema Profesa anasema wimbo wowote, mradi mwimbaji anaupenda. Imetoka laini kabisa, kama nimetoka kuongea naye sasa hivi. Wote wamepumua. Mama kasema, nilijua ni mtu mwenye busara.

Huo ni uongo wa pili sasa.

Jumanne, 17 Juni

Nimepita njia ya nyuma jioni kwenda kununua chumvi. Kwa Dorkas: wimbo wa Pasaka, na huu ni mwezi wa sita. Kwa Bi Zaina: kaswida nyororo, nusura nikae nisikilize. Nyumba ya tatu mtu anaimba wimbo wa harusi. Na Mama mkwe wangu mimi, mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akiimba tangu niolewe, yuko ameinama bandani na kikopo cha maji, anaimba wimbo wa kupalilia uwele, kwa Kinyaturu, sauti nyembamba ya msichana. Nimesimama nyuma ya ghala mpaka amemaliza. Ameniona. Kaniuliza nimepoteza nini hapo.

Mzee Elisha, mwenyekiti wa kijiji, amemsimamisha Clement barabarani. Analalamika. Anasema mke wake anamwimbia kuku, yeye anarudi kutoka shamba anapokelewa kimya. Anauliza somo la wanaume liko namba ngapi.

Jumatano, 25 Juni

Kelele kwa Bi Zaina! Tulikimbia na mafagio, Clement na shoka. Alikuwa ameenda kuimba akakuta nyoka amejikunja karibu kabisa na kiota. Kaswida ikageuka yowe lililofika mpaka sekondari. Nyoka ameuawa, mayai salama, kuku hata hajanyanyuka!

Bi Zaina amekunywa maji, halafu akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: nisingeenda kuimba ningemwona nani? Profesa aliliona hili.

Wote wameitikia. Mimi pia nimeitikia, nikajichukia. Lakini nimelala chali usiku huu nikawaza. Zamani nani alikuwa anaenda kwenye kiota kila jioni? Tulikuwa tunamkumbuka kuku akishatoka na vifaranga, au mayai viza yakishanuka. Sasa kila siku mtu anainama, anaona maji yamekwisha, anaona siafu, anaona panya. Kumbe bibi Severina hakuwa anaimba tu.

Au ninajitafutia utetezi. Inawezekana.

Jumamosi, 5 Julai

Vifaranga! Kwetu, kwa Dorkas, kwa Bi Zaina, kila mahali chiu chiu chiu. Mama ana kuku saba waliolalia, wote wametotoa, na mayai viza ni machache mno, yeye mwenyewe kayahesabu mara mbili akidhani mengine yameibiwa. Dorkas kaja mbio na vifaranga kwenye kanga, anataka tu tuwaone.

Halafu jambo hili naliandika polepole. Nilikuwa nageuza ugali. Mama akasimama mlangoni mwa jiko, akasema, "Mwalimu, ukimaliza njoo utusomee somo la tano."

Mwalimu. Mimi! Nikageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu mwingine ameingia. Miaka minne nimekuwa "wewe", na siku za furaha "mke wa Clement". Mwiko ulinitoka mkononi. Nimejifungia chumbani kidogo nikalia, halafu nikatoka nikasema ni moshi.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Clement kapata abiria wengi, karudi na nyama. Kikundi kimekutana hapa kwa dharura. Ajenda ni moja, na imeletwa na Mama: tumemla Profesa.

Ndivyo alivyosema. Huku kwetu jirani akikuletea mboga kwenye bakuli, bakuli halirudi tupu. Unatia hata karanga, hata chumvi. Sasa huyu mtu ametuletea mabakuli manane, matano tumekwisha kula mpaka tumelamba, na tumekaa kimya. Watu wa Malawi watatuonaje Wanyaturu?

Nikaeleza tena kwamba hizi rasilimali ni huria, dunia nzima inachukua, yeye ndivyo alivyotaka. Mama akasema dunia nzima ifanye tabia zake, sisi tuna zetu.

Wamempigia kura jogoo. Mwekundu, wa Dorkas, mrefu mpaka kwenye goti langu. Ni wa Profesa kuanzia leo, hachinjwi, hauzwi. Watoto wamekwisha kumwita Profesa. Clement anauliza atasafirije, kwa basi au kwa ndege, na kama kwa ndege, si yeye mwenyewe ni ndege? Mama hajacheka.

Wakati huohuo nimeagizwa nimwandikie barua ya shukrani, niweke picha za vifaranga na nakala ya kitabu chetu "aone kazi yake imefika". Nimeandika. Dorkas alisimama begani mwangu mpaka nimebonyeza kutuma. Kitabu kimeenda chote, pamoja na somo la nne. Nilijipa moyo kwamba Malawi hawasomi Kiswahili.

Alhamisi, 10 Julai

Amejibu!

Amefurahi sana. Anasema kozi ina miaka sita mtandaoni na hajawahi kutumiwa picha ya kifaranga hata mmoja. Anashukuru kwa jogoo, anasema hajui ashukuruje kwa jogoo. Nimewasomea hayo na Mama kaenda kumwongezea jogoo mtama.

Mstari wa mwisho sikuusoma kwa sauti. Anasema ana mwanafunzi Mtanzania, mtu wa Mbeya, anamsomea tafsiri yangu kidogo kidogo. Wamefika somo la tatu.

Nimerudi kwenye ule ukurasa wa kwanza nikasoma yale masharti niliyoyaruka. Ni mawili tu, mafupi. Mtaje aliyeandika. Useme wazi ulichobadilisha.

La kwanza nimelitimiza mpaka limepitiliza. Nimemtaja hata kwa asichokiandika.

Jumapili, 20 Julai

Anakuja. Ana mkutano Dodoma wiki hii, na Jumamosi atapanda basi mpaka Singida mjini. Anasema ni karibu, atalala usiku mmoja tu. Anataka kuwaona kuku na kina mama. Na hili: "Nina swali moja kuhusu somo la nne. Nitaliuliza nikifika."

Swali moja! Si angeliuliza kwenye barua tu, nife nikiwa peke yangu?

Nimemwambia Clement kila kitu. Ameanza kucheka, ameona uso wangu, ameacha. Kasema mwambie Mama kabla. Nikamwambia unamjua mama yako. Kasema ndiyo maana anasema kabla.

Yeye hajui ninachokiona mimi. Nikisema wimbo ni wangu, si wimbo tu unaoondoka. Wataanza kuchambua chanjo, kutenga vifaranga, chakula, kila kitu — hiki ni cha Profesa au cha huyu msichana? Bi Zaina ana vifaranga wasiochanjwa bado. Na mimi narudi kwenye masufuria, safari hii nikiwa mwongo.

Kisha nikapata wazo. Profesa hajui Kiswahili. Wao hawajui Kiingereza. Katikati niko mimi peke yangu! Akiuliza kuhusu wimbo, nitawaambia anauliza kuhusu maji. Wakitaja wimbo, nitamwambia wametaja maji. Kila mtu ataondoka ameridhika. Nimejisikia vizuri sana mpaka nilipokumbuka Jumamosi ina saa ngapi.

Jumatano, 23 Julai

Kijiji kimechanganyikiwa. Mzee Elisha ameagiza njia ifagiliwe mpaka kwetu. Mabanda yamepakwa chokaa, jogoo anayeitwa Profesa ameogeshwa na amekasirika. Kina mama wanafanya mazoezi: watampokea Profesa bandani wakiimba kila mmoja wimbo wa kuku wake, wote kwa pamoja, apate kusikia. Kaswida, Pasaka, harusi na kupalilia, vyote kwa mpigo! Ni kelele ambayo sijui niielezeje. Lakini nyuso zao.

Leo nilijaribu. Tulikuwa tunapepeta ulezi, Mama na mimi. Nikamwambia, Mama, kuna jambo kwenye kile kitabu. Akasema, hata mimi nina jambo. Akapepeta. Akasema alipokuwa msichana alitaka shule, baba yake akasema mbuzi watachungwa na nani. Kwa hiyo akimwona mtu wa mbali, msomi, anaandika kwamba mwanamke aende kwa kuku wake na aimbe — si apige hesabu, si ajaze karatasi, aimbe — basi anaona kama yule mtu alimjua. Akanigeukia. Wewe ulikuwa unasemaje?

Nikasema ulezi umekuwa mzuri mwaka huu.

Jumamosi, 26 Julai

Naandika nimesimama jikoni, daftari juu ya debe la mahindi. Wao wako uani. Nimesema naweka chai. Birika lina maji mengi, kwa makusudi.

Clement amemleta kwa bodaboda kutoka stendi. Mzee mfupi, mwembamba, helmeti imemzidi, mkoba kaukumbatia kama mtoto. Nilitarajia mtu wa tai. Ameshuka, Dorkas kampa shikamoo, naye akamjibu "Shikamoo!" kwa nguvu zote. Akawapa shikamoo wote, hadi watoto, hadi mtoto wa Dorkas wa mgongoni. Wamempenda hapohapo, basi.

Kisha bandani. Wakaimba. Zile nyimbo zote kwa pamoja! Mimi nimeshika mkono wa mlango, najiandaa na maji yangu. Profesa kasimama, kainamisha kichwa. Wamemaliza, nikamgeukia nikamwambia kwa Kiingereza, laini kama siagi, kina mama wanakukaribisha kwa nyimbo za asili.

Mama akanivuta nguo. Mwambie tunaimba kwa kuku.

Nikamwambia Profesa, wanasema wanawapa kuku maji.

Naye akaniangalia. Akamwangalia Mama. Akasema polepole, "Kuimba? Nkhuku?"

Jamani! Kumbe kwao kuimba ni kuimba! Kuku ni nkhuku! Nilidhani kutoka hapa hadi Malawi kuna ukuta, kumbe ni kichaka tu, mtu anachungulia. Mama amepiga makofi. Kuimba, ndiyo! Kuku, ndiyo! Bi Zaina akaonyesha kikopo, maji! Profesa akaitikia, madzi! Watu wanarukaruka kama wamekutana na ndugu aliyepotea, na mimi mkalimani nimebaki kama mlingoti.

Ndipo akanivuta pembeni kidogo, akaniuliza kwa Kiingereza. Kwa upole, na huo ndio ulionimaliza. Somo la nne ni lake, mambo ya wimbo si yake. Mwanafunzi wake alimsomea wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Miaka sita anawaambia watu wamwone kuku kila siku, hakuna anayefuata. Hapa wamefuata. Anatengeneza toleo jipya la kozi na anataka kuliweka hili, lakini hawezi kuweka kitu bila kumtaja mwenyewe. Ni nani?

Na Mama kwa upande wa pili, anasema nini? Mwalimu, anasema nini?

Nikasema, chai.

Sasa niko hapa. Maji yameanza kusema. Mkononi nina nakala yangu ya kile kitabu, ina mafuta na majivu. Nimechukua kalamu ya Clement ya mfukoni. Chini ya jina la Profesa nimeandika, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: Wimbo katika somo la nne si wa Profesa. Ni wa Severina wa Issuna. Umeongezwa humu na mjukuu wake Ritha, bila kuuliza mtu.

Hivi ndivyo sharti la pili linavyosema. Mwandiko umepinda lakini unasomeka. Nitaipeleka kwenye sinia pamoja na vikombe. Dorkas atawasomea, anapenda kufuata kwa kidole.

Uani wanaendelea bila mimi. Nasikia jogoo anakabidhiwa, anapiga mbawa, watu wanacheka. Sasa nasikia Mama, ile sauti yake ya mkutano. Anamwambia Profesa wewe, wewe, kuimba, wewe! Lazima anamnyooshea kidole. Asante, anasema. Asante kwa kuimba.

Na Profesa: "Ine? Ayi. Ayi, amayi."

Hiyo ni hapana, haihitaji mkalimani. Hata mimi huku jikoni ni kama naona kichwa chake kinavyotikisika.

Wamenyamaza. Wote. Hata jogoo.

Birika linachemka. Nimeweka majani, sukari sikumbuki. Kikombe cha Profesa, kikombe cha Mama, kitabu katikati.

Mama ameita. Nilisubiri aseme Mwalimu.

Kaita, "Ritha!" Na ni mara yake ya kwanza kulitamka jina langu.